Simu "imefika Lamu": barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni iliyotuuzia

Kwa Mkurugenzi Mkuu, kwa Meneja wa Mauzo, na kwa yeyote anayeshughulikia mizigo ya Pwani katika kampuni yenu.

Assalaam aleikum.

Jina la kampuni silitaji. Mnajijua, na watu kumi na mmoja wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, wanawajua vilevile, maana jina lenu limo kwenye ujumbe wa M-Pesa waliopata walipotuma pesa. Mimi ni fundi simu, nina kibanda changu mtaa wa Langoni. Mlipokuwa mnaitangaza ile simu mpya mlinitumia bango la rangi na mkaniomba niwe wakala wenu: kila oda ya mapema nikiileta, shilingi 500 zangu. Nikakubali. Bango nikalibandika mlangoni kwa selotepu, na ndani ya siku nne watu kumi na mmoja walikuwa wamelipa, wengine arabuni ya shilingi 10,000, wengine bei nzima ya 38,500.

Bango lilisema siku tano za kazi. Simu ya kwanza ilifika siku ya 23. Ninapoandika haya, mbili bado.

Msidhani naandika kwa sababu zimechelewa. Kungoja tunakujua sana. Majahazi yaliyoufanya mji huu yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na aliyekosa upepo alikaa mpaka msimu ugeuke. Ndugu zetu wa Siyu na Faza, kabla mkondo wa Mkanda haujachimbwa, walikuwa wakikaa na magunia yao wakingoja maji yajae ndipo mashua ipite. Nahodha akikwambia maji ni madogo, humtukani. Unaagiza kahawa. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipofurika kwenye barabara ya Garsen na mabasi yakakwama, spea zangu zilikaa huko siku nyingi na hakuna mteja hata mmoja aliyenipandishia sauti, kwa kuwa sababu waliiona na habari za barabara walizisikia kila siku.

Lakini nahodha huyohuyo hawezi kukwambia kwamba mashua imeshafika Faza ilhali umekaa ndani yake na unaitazama mikoko ya Mkanda. Nyinyi mlituambia hivyo.

Ilikuwa siku ya tisa, Jumanne, saa nane na dakika arobaini mchana. Nilikuwa nimefungua kioo cha simu ya mtu, vijiparafujo vimetawanyika kwenye kisahani, ujumbe ukaingia: "Mteja wetu mpendwa, mwakilishi wetu amefika kwako lakini hakukupata. Tutajaribu tena." Nikainua macho. Uchochoroni palikuwa na punda wawili waliobeba mchanga, mwenye punda akigombana na mtu kuhusu bei, na paka watatu chini ya daka la jirani. Mwakilishi hakuwepo. Nikamwuliza jirani kama amepita mgeni mwenye boksi. Akaniuliza mgeni wa nani.

Nikapiga ile namba ya huduma kwa wateja. Nilisikiliza muziki dakika kumi na moja, kisha dada mmoja mwenye sauti ya heshima akanijibu kwamba dereva alifika Lamu, akasimama mwisho wa barabara, akapiga simu haikupokewa. Nikamwambia simu yangu iko mkononi tangu asubuhi. Halafu nikamwuliza, mwisho wa barabara upi? Nikamsikia akibonyeza kompyuta. "Mokowe," akasema.

Ni kweli, barabara inaishia Mokowe. Baada yake ni gati, kisha bahari, kisha sisi. Kwa boti ya kasi ni kama robo saa, kwa mashua ya mashine zaidi kidogo. Dereva wenu alisimama bara, akatazama maji, akaandika kwamba hakunikuta. Yule dada simlaumu. Aliniuliza kwa nia njema kabisa kama naweza kumwelekeza dereva alama iliyo karibu na kibanda, kama vile kituo cha petroli au duka kubwa.

Sasa nitazame tangazo lenu. Kuonyesha ubora wa kamera ya simu hiyohiyo, mmeweka picha ya jahazi limetweka tanga mbele ya Amu, jua likizama nyuma ya mji. Picha nzuri, sina neno. Kila mtu hapa aliitambua, na nadhani nusu ya oda zangu zilitokana nayo. Basi aliyeipiga alifikaje?

Safari ya mzigo tunaijua kuliko mnavyodhani. Simu inatua Nairobi kwa ndege kutoka China, inapita forodha, inashuka Mombasa, inapita Malindi, halafu kutoka hapo kuna zaidi ya kilomita 200 za Garsen na Witu mpaka Mokowe, na njiani kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria hushuka wakakaguliwa vitambulisho. Hakuna anayedai ifike kwa siku mbili. (Hapo karibu na Mokowe pana bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, meli kubwa zinaweza kufunga, na simu zetu zinaipita kwa basi. Hilo si kosa lenu. Nimelitaja kwa sababu linanichekesha.)

Niwaeleze walivyolipokea jambo hili waliolipa, kwa kuwa kwenye kompyuta zenu wote ni "mteja hakupatikana".

Yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alilipa bei nzima, hakuuliza hata punguzo. Baada ya siku tano kupita akaanza kuja kibandani kila siku akitoka kusali alasiri. Anakaa barazani. Ananiuliza hali ya watoto, ananiuliza kama mama yangu amepata nafuu ya miguu, anazungumzia joto. Simu haitaji. Anakaa kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, anaaga, anaondoka. Siku kumi na nane mfululizo. Wallahi ningependa anitukane. Mtu akikutukana unajua umefika wapi naye, lakini adabu ya mwalimu yule ilikuwa inanila usiku.

Kinyume chake ni kijana wa boti anayepeleka watalii Manda na Shela. Huyu hakuja kibandani kabisa. Aliweka sauti kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa ufuoni, dakika mbili na nusu, akisema fundi wa Langoni amekula pesa za watu, na kwamba hata lile bango alilichapisha mwenyewe. Ile sauti ilinifikia kutoka kwa watu saba tofauti, mmoja wao shemeji yangu aliyeko Malindi. Wiki ile walioniletea simu za kutengeneza walikuwa wanne. Kwa kawaida ni wanne kwa siku.

Bi mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi alinitia uchungu kwa njia nyingine. Pesa zake zilikuwa za mchezo wa kuchangiana, zamu yake aliingoja miezi. Anapokea oda za harusi kwa WhatsApp na simu yake ya zamani ilikuwa ikizima kila ikipigwa. Kila nikipita kwake ananiuliza mbele ya wateja, kwa sauti ya utani, "Fundi, simu hiyo yaya kwa ndia gani?" yaani yaja kwa njia gani. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Siku ya ishirini aliuliza tena na hakuna aliyecheka, yeye mwenyewe akashika mwiko wake akaendelea kugeuza mahamri.

Na yuko kijana anayerekodi video. Huyu ndiye aliyepata hasara ya pesa taslimu. Ilikuwa Mfungo Sita, na kwa wasiojua, Maulidi ya Amu hufunga mji mzima: watu huja kutoka Mombasa, Malindi, visiwani, wengine Unguja na Komoro, na siku ya zefe, yale maandamano ya matwari, mtu hupata shida hata kusimama. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kurekodi, akaagiza simu kwa ajili hiyo, siku tano za kazi zikiwa zinamwacha na zaidi ya wiki nzima ya kujizoeza. Zefe likapita yeye akiwa na simu ya dada yake yenye kioo kilichopasuka. Nimeiona ile video. Matwari yanasikika kama kokoto ndani ya debe. Waliompa kazi hawakumlipa, na sioni kwa nini wangemlipa. Simu yake ilifika siku nne baadaye, ikiwa na kava ya bure na kikaratasi cha kumshukuru kwa uvumilivu.

Hata hayo, narudia, watu wangeyameza. Kilichowasha moto hasa ni picha. Siku ya kumi na nne binamu yake yule kijana wa boti alipiga picha dukani Mombasa: simu ileile, rangi ileile, imepangwa kwenye kabati la kioo, maboksi matano nyuma yake, na kikaratasi cha "Ipo". Mtu alikuwa anaingia, analipa, anatoka nayo. Sisi tuliolipa kabla haijatoka bado tulikuwa "njiani". Nilipowaandikia, jibu likaja kwamba oda za mapema na bidhaa za dukani hutoka stoo tofauti. Nimelisoma jibu hilo kwa watu kumi na mmoja mmojammoja, na mwalimu, kwa mara ya kwanza, akaitaja simu. Aliuliza: "Na pesa zetu, nazo ziliingia mfuko tofauti?"

Sikuwa na jibu. Hapa nami nijiungamie. Niliposema "kesho" mara ya kwanza niliamini, kwa kuwa ujumbe wenu ulisema kesho. Mara ya pili pia. Mara ya nne sikuamini lakini nilisema, kwa vile "kesho" ni neno jepesi kuliko "sijui". Nikaanza kuchelewa kufungua kibanda. Nikawa napita njia ya nyuma kwenda msikitini nisikutane na watu, mimi niliyezaliwa mtaa huu na ambaye babu yangu alikuwa akiaminiwa na amana za watu bila karatasi. Uongo uliandikwa na mashine huko kwenu, pengine hakuna mtu hata mmoja aliyeuona, lakini ulipofika Langoni ulitoka kinywani mwangu, kwa watu wanaoijua nyumba yangu. Shilingi 500 kwa simu. Nimezipiga hesabu: ni 5,500 zote zikija, na spea za wateja niliowapoteza zimepita hapo.

Nyinyi si wa kwanza kuelemewa na wateja. Novemba 2012 Google ilipotoa Nexus 4, iliyotengenezwa na LG, ile ya gigabaiti 8 ikiuzwa dola 299, zilikwisha siku ya kwanza katika nchi kadhaa, na waliolipa wakabaki kuhesabu wiki. Desemba yake mkuu wa Google nchini Uingereza, Dan Cobley, alijitokeza hadharani akaomba radhi. Alikiri kwamba simu zilikuwa zikija kwao chache na bila mpangilio, na tena kwamba mawasiliano yao wenyewe yalikuwa na kasoro. Hiyo nusu ya pili isomeni mara mbili. Wateja walikuwa wamekasirika sana, na walikuwa na haki, ila angalau walipata mtu mwenye jina wa kumkasirikia. Tarehe 6 Novemba 2022 Apple nayo ilitoa taarifa kwamba kiwanda cha Zhengzhou, China, kinachounganisha iPhone 14 Pro, kimepunguza kazi kwa sababu ya vizuizi vya korona, na kwamba wateja watangoja zaidi. Hawakuandika kwamba dereva hakumkuta mtu nyumbani.

Kuna jambo jingine kutoka Marekani ambalo fundi wa Langoni analionea wivu. Kule kuna kanuni ya Federal Trade Commission, tume ya serikali inayosimamia biashara, ya tangu miaka ya 1970: ukiuza kitu cha kutumwa, uwe na msingi wa kweli wa tarehe unayoahidi, ukishindwa, mwandikie mnunuzi, mpe hiari ya kuendelea kungoja au kurudishiwa pesa. Aprili 2019 Samsung ilipoahirisha Galaxy Fold, baada ya vioo vya simu walizopewa wachambuzi kuharibika, wateja wa Marekani waliokwisha kuagiza waliandikiwa kwamba wasipothibitisha kuwa bado wanaitaka, na simu isipotumwa kufikia 31 Mei, oda itafutwa. Anayenyamaza anarudishiwa chake. Kwenu anayenyamaza anaendelea kungoja, na anayesema anaambiwa siku 14 za kazi. Kuna kijana aliyeomba arabuni yake irudi, akaambiwa hivyo hivyo siku 14, naye akaniuliza mbona wakati wa kuipokea ilikwenda kabla hajaishusha simu kutoka usoni.

Na hapa kwetu sheria ipo pia. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na alichonunua, na haki ya fidia akipata hasara. Kuna na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Sisemi haya kuwatisha. Kutoka Amu kwenda kumshtaki mtu Nairobi kwa simu moja ni safari ndefu kuliko ya simu yenyewe, na hilo mnalijua.

Ninachotaka ni hiki. Kwenye orodha yenu ya mahali, "Lamu" iwe sehemu mbili: Mokowe na Amu. Mzigo ukishuka Mokowe andikeni "umeshuka Mokowe, unangoja boti", na mumlipe mtu wa boti. Nauli haifiki bei ya lile kava la bure. Gatini pana mahamali wanaobeba friji na makochi mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Boksi la simu watalitia kwapani. Vilevile, mkiwa hamjui simu zitakuja lini, niandikieni kwamba hamjui. Nitalibandika hilo neno mlangoni, pale pale lilipokuwa bango, na watu watalisoma, wengine watadai pesa zao, wengine watangoja. Ila iwe wanangoja kitu cha kweli. Na kabla ya kufungua oda za simu nyingine, mniambie wakala wa Amu amewekewa ngapi. Mkisema tatu, nitapokea pesa za watu watatu na wa nne nitamwambia arudi nyumbani.

Lile la stoo mbili sina ushauri nalo. Linahitaji mtu mzima huko kwenu akae aone haya.

Yule kijana wa video anadai. Nimemwandikia hasara yake kwenye karatasi, pamoja na namba ya oda na picha ya ile risiti, na nimewatumia kwa barua pepe mara mbili. Zote mbili zilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu. Sitaki yawe muhimu. Nataka mtu ayasome, aandike jina lake chini, aseme atalipa au hatalipa.

Mwalimu amepata simu yake, nyeusi, ingawa aliagiza ya buluu. Hakulalamika. Aliifungua pale barazani, akaiwasha, akaniuliza namna ya kuongeza ukubwa wa herufi, akalipa kahawa yangu na yake. Bi wa mahamri bado. Yeye na mzee mmoja wa Matondoni ndio wale wawili waliobaki.

Mkituma, dereva akifika Mokowe ashuke mpaka gatini aulize boti ya abiria ya kwenda Amu, avuke, ashike njia ya Langoni aulize fundi simu mwenye bango lililochanwa. Asipojua pa kuanzia, mwambieni ampigie yule aliyepiga picha ya jahazi. Nauli ya boti nitalipa mimi.

Wenu wakala,
Fundi simu, Langoni, Amu